Sala Juu ya Windows ya Wizi

Darasa la jioni la Mwalimu Modest lilikuwa Gongoni, mjini Tabora, juu ya duka la mabati, na halikuanza bila kumtaja Mungu. Gaudensia, ambaye darasa zima lilimwita Mama Kabula, alisali kwa niaba ya Wakristo. Bi Saleha, muuza asali, akafuatia na dua ya Waislamu. Ndipo kompyuta zikawashwa. Modest aliupenda sana utaratibu huo.

"Shikamoo mama. Haya, tubarikie mashine," angesema, naye Gaudensia angefumba macho na kuomba kwa moyo wake wote, maana mwenyewe alikuwa na haja.

Haja yenyewe haikuwa siri. Alikuwa karani wa masjala kwenye chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku, na chama kilikuwa kinahamishia kumbukumbu zake zote kwenye Oracle, programu ile kubwa ya kutunzia taarifa inayotumiwa na mashirika makubwa. Meneja hakuzunguka mbuyu: mwenye cheti atabaki masjala, asiye na cheti ataenda ghalani Ulyankulu, mbali na mji, kupanga marobota ya tumbaku. Gaudensia alikuwa amevuka hamsini. Nyumba yake ilikuwa Ipuli, wajukuu Ipuli, jumuiya yake ya rozari Ipuli. Na wa kumpa cheti hicho alikuwa Modest peke yake.

Jioni moja, katikati ya somo, picha ikachomoza kwenye laptop ya Gaudensia: mwanamke uchi wa mnyama, anakonyeza. Gaudensia akaifunika mashine kwa kanga kama mtu anayezima moto. Lakini alikuwa amechelewa; Wilbroad, muuza spea za pikipiki aliyekaa nyuma yake, alikuwa ameshaona.

"Mama Kabula! Kumbe na wewe umo!"

Darasa likaangua kicheko. Modest naye alicheka, akaja akichezesha flash mkononi.

"Usijali, mama. Windows yetu hii ni ya kuchakachua, inakuja na wadudu wake. Unafuta, wanarudi, unafuta tena."

"Ya kuchakachua ndiyo nini, mwalimu?"

"Hatukuinunua. Tumejihudumia tu."

"Yaani tumeiba."

"Aa, mama, neno zito hilo! Mwenye mali yuko Amerika huko, hata hajui kama Tabora ipo."

Bi Saleha alikunja uso. "Mimi ya kuchakachua naijua kwenye asali," alisema. "Sukari iliyochemshwa, hata sisimizi anaipita. Aniletee mtu dukani uone nitakavyomfukuza."

Wengine walicheka tena. Gaudensia hakucheka. Alijiona kama mtu aliyekula mlenda gizani, taa ikawashwa akaona nzi wanaelea. Jioni zote zile alikuwa amenyoosha mkono juu ya mali ya wizi na kuliita jina la Bwana liibariki. Hakuna aliyemshurutisha. Na sala aliipamba, akairefusha.

Jumamosi alikwenda dukani kwa Bi Saleha, palipokuwa na intaneti, akaweka laptop kati ya madumu ya asali na kuanza kusoma. Kiingereza chake kilikuwa cha kuchechemea, ila alikuwa na subira ya mtu aliyezoea mafumbo yote ya rozari. Akajua kwamba upo mfumo wa kuendeshea kompyuta uitwao Linux, ambao wenyewe wameutoa bure, kwa ridhaa yao, achukue anayetaka. Akajua pia kwamba upo wa aina nyingi. Akachukua Ubuntu kwanza, kwa sababu ndiyo iliyosifiwa kila ukurasa, tena ilikuwa na sura nzuri. Ikaingia vizuri, Windows ikafutika. Lakini faili la Oracle alilolipata halikutengenezwa kwa ajili ya Ubuntu. Kila alipojaribu kulifungua, kioo kilimjibu kwa mistari ya makosa.

"Umechukua mume kwa sura, shoga," Bi Saleha alimcheka. "Kawaulize ukoo wa mke wanamtaka nani."

Basi akaenda kwenye ukurasa wa Oracle wenyewe kutazama mifumo wanayoikubali. Humo akakuta wana Linux yao, wanayoitoa bure. Hiyo ndiyo nitakayoikuta ofisini, au inayofanana nayo, alijisemea, hata kama haina mapambo. Akaichagua. Kisha, chini kidogo, akasoma jambo lililomfanya aite kwa sauti.

"Saleha! Oracle yenyewe ya kujifunzia wanaitoa bure! Bure kabisa, kwa ruhusa!"

Bi Saleha aliacha kupima asali. "Na ile ada ya leseni ya Oracle tuliyomlipa Modest?"

Gaudensia akausoma tena ukurasa ule, mstari kwa mstari.

Jumatatu Gaudensia alifika darasani na furaha, hata hasira aliisahau. Alidhani mwalimu hajui. Alidhani anampelekea habari njema, kwamba darasa zima laweza kutoka kwenye uchafu siku hiyohiyo bila kumwibia mtu. Akaeleza yote akiwa amesimama, jasho likimtoka.

Modest alisikiliza akitafuna jojo. "Najua, mama," alisema.

"Unajua nini?"

"Yote. Siku nyingi. Lakini watu wa huku ukiwapa cha bure wanakidharau. Mimi nimekiwekea bei ili mkiheshimu. Kosa langu liko wapi?"

Gaudensia aliitazama midomo ile ikitafuna. Kimoja ameiba, kingine kimetolewa bure naye akakiuza, na katikati akamweka yeye, mama mzima na rozari yake, awe ubani wa kufunika harufu mbaya.

"Haya, tubarikie mashine tuanze," Modest alisema.

"Sibariki."

Modest akaacha kutafuna.

"Sawa. Lakini mtihani wangu unafanyika kwenye Windows niliyowapa. Wewe umeifuta. Flash hii hapa mezani. Irudishe, ufanye mtihani, uchukue cheti. Usipoirudisha, cheti huna. Mimi sigombani na mama zangu."

Gaudensia aligeuka kuwatazama wenzake, akitegemea walau mmoja atasema neno. Wilbroad alikuwa akikuna kichwa.

"Mama Kabula, rudisha bwana. Utasali ukishapata cheti. Mungu si mkali hivyo." Kisha, kama mtu anayeona pengo la kuziba: "Sala nitaisoma mimi leo, mwalimu."

Akaisoma. Watu wakainamisha vichwa. Gaudensia alikusanya laptop, chaja na kanga yake, na hapo katikati ya "Amina" akashuka ngazi. Bi Saleha alimfuata nyuma akitukana kwa Kiarabu. Yeye alikuwa na duka lake, cheti hakikumtisha. Barabarani akamshika mkono.

"Utaenda Ulyankulu kweli?"

"Nitaenda."

Na alikwenda. Meneja hakutaka hadithi, alitaka karatasi. Ghalani Ulyankulu tumbaku humwingia mtu hadi kwenye mate, na chumba alichopanga kilikuwa na harufu hiyo ukutani. Jioni, baada ya kunawa, aliwasha laptop. Kioo cheusi, maandishi meupe, bila picha ya mtu yeyote. Alikuwa amefika kwenye somo la majedwali ya Oracle, na alikuwa akilielewa, polepole.

Kabla ya kusoma alisali, sala yake mwenyewe, fupi. Aliwaombea wajukuu, akamwombea Bi Saleha, akawaombea hata wale waliobaki darasani. Alipofika kwa Modest, mahali pa kuwasamehe waliotukosea, aliiona ile midomo inatafuna, na ulimi ukagoma. Akajaribu tena. Ukagoma.

"Bwana," alisema hatimaye, "hapo sijafika. Unisubiri."

Akafumbua macho, akavuta laptop karibu, akaandika amri ya kwanza ya somo.