Mashine za Jumapili

Katika nyumba ya Kalekye kitu kizuri hakitumiki. Vikombe vya maua vimekaa kwenye kabati la vioo tangu harusi yake, blanketi alilopewa na akina mama wa kanisa halijatoka kwenye nailoni, na mgeni akija ghafla inabidi asubiri ufunguo utafutwe. Basi mjukuu wake Mbula alipoletewa mashine mbili ndogo za kumsaidia kusikia, yeyote anayemjua Kalekye angebashiri zingeishia wapi.

Kalunde alieleza vizuri. Yeye ni mwalimu anayezunguka huku upande wa Tala akitembelea familia zenye watoto wachanga wasiosikia. Mtoto azivae kuanzia anapoamka hadi anapolala, alisema. Mzungumzieni mkimtazama usoni, mwonyesheni ishara kwa mikono, maziwa hivi, kulala hivi. Miaka hii ya kwanza ndiyo ya kujenga lugha, ikipita bure ni kazi kubwa kuifidia. Kalekye aliitikia kila neno kwa kichwa. Na siku za mwanzo, tuseme haki, alijaribu. Lakini Mbula aling'oa moja akaitia mdomoni, na kesho yake nyingine ikaanguka uani, kuku akaiwahi. Kalekye alimfukuza kuku yule hadi kwa jirani huku akimtukana kwa Kikamba, na alipoipata mashine akaifuta kwa leso, akaifungia kabatini pamoja na ile nyingine. Kuanzia hapo zikawa za kanisani na za wageni.

Winfred, binti yake na mama wa mtoto, hakujua. Yeye huuza nguo za mitumba sokoni Tala, hutoka Mbula akiwa bado amelala na kurudi jua likishuka. Mwanzoni Kalekye alikusudia kumwambia, kisha akaogopa kugombezwa, maana Winfred ana mdomo, na aliurithi kwa nani tusiulizane. Kwa hiyo kila jioni mbwa akibweka langoni, bibi alikimbilia kabati, akamvalisha mtoto mashine na kumketisha kwenye mkeka kana kwamba ameshinda nazo. Kalunde akija, ilikuwa hivyo hivyo. Hata zile ishara Kalekye alizifanya mwalimu akiwapo, naye akiondoka mikono ikarudi kuchambua maharagwe.

Mbula akaukaribia mwaka wa pili. Wenzake walioanza pamoja naye walikuwa wanageuka wakiitwa, wengine wanaomba maziwa kwa vidole. Yeye akivalishwa mashine alizivuta na kulia, kwa sababu kelele zote za dunia zilimwangukia kwa mpigo na hakuna aliyekuwa amemzoesha.

"Mimi sielewi," Kalunde alisema alasiri moja, mtoto akiwa mapajani mwake. "Mashine ziko sawa, nimeziangalia. Na mnaniambia anavaa mchana kutwa. Labda arudi hospitali apimwe upya, pengine sauti haimfikii kabisa."

Winfred alikuwa amefunga biashara mapema ili awepo. Aliinamisha kichwa.

"Mwalimu, ni mimi," alisema. "Niko soko tangu asubuhi, nikirudi nimechoka, hata siongei na mtoto vile ulinifunza. Mwaitu, mamangu huyu, anajaribu, lakini mama wa mtoto ni mimi. Ni mimi nimemharibia."

Akalia, tena kwa sauti, mbele ya mgeni. Kalekye aliinuka akaenda jikoni. Alikoroga chai muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji, roho inamsuta, akijiambia kwamba akirudi sebuleni atasema. Alirudi, akamwekea binti yake kikombe mbele.

"Kunywa chai, mwana wakwa," alisema. "Hayo ni mapenzi ya Mungu."

Aliyasikia maneno yake akaona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Kisha akammiminia na mwalimu.

Wiki hiyo Winfred akakata shauri. Jumamosi angemwachia Masila, muuza viatu jirani yake sokoni, kibanda chake, abaki nyumbani amlee Mbula mwenyewe. Kibanda hicho ndicho kinachowalisha wote watatu. Kalekye alimsihi afikirie tena.

"Nimefikiria, Mwaitu. Siwezi kuwa nauza suruali na mtoto wangu anapotea."

Jumamosi asubuhi Mbula alipofumbua macho tu, Kalekye alifungua kabati, akamvalisha mashine, akambeba mgongoni kwa leso na kushika njia ya Tala. Alimkuta Winfred anakunja nguo, na Masila amesimama kando anakipima kibanda kwa macho.

"Masila, ebu ngojea huko nje kidogo," alisema kwa ukali ambao maskini yule hakuustahili. Kisha akamgeukia binti yake. "Hizi mashine mtoto havai. Nimekuwa nikizifungia kabati. Nazitoa jioni ukikaribia, na mwalimu akikuja. Kuku ilitaka kumeza moja, nikaogopa. Si wewe, Winfred. Ni mimi."

Alijikaza kupokea makelele. Aliyatamani hata, soko zima lisikie, ayamalize. Winfred hakupiga kelele. Aliweka suruali chini.

"Ya kabati naelewa," alisema polepole. "Hata viatu vyangu vya shule uliniwekea mpaka vikanibana. Wewe uko hivyo. Lakini Mwaitu, nililia mbele yako. Nilisema nimemharibia mtoto wangu, na ulikuwa umekaa hapo. Ukaenda kunipikia chai."

Kalekye alikuwa amejiandalia majibu njiani, la kuku, la uzee, la vitu vya watu kuharibika mikononi mwake. Hilo la kulia hakuwa amelifikiria, akalegeza fundo la leso kifuani.

Winfred alimfungua Mbula mgongoni mwa Kalekye, akamketisha juu ya rundo la sweta, uso kwa uso naye. Akamwambia Masila aende, kibanda hakitoki. Kisha akaanza kumwonyesha mtoto nguo mojamoja, akiitaja kila moja kwa sauti na kwa mikono, wateja wakipita. Mbula alivuta mashine, akalia, mamake akamrudishia, akaendelea. Kalekye alisimama pembeni ameshika leso tupu, akingoja kuambiwa kama akae au arudi nyumbani. Hakuna aliyemwambia.