Nimeelewa Mara Arobaini na Moja

Mwalimu wa darasa la nne alikuwa na kalamu nyekundu tatu: moja mkononi, moja sikioni, na ya tatu kwenye pochi, ya akiba. Wino ukimwishia katikati ya kusahihisha alijisikia kama mtu aliyekatiwa maji sabuni ikiwa kichwani. Watoto walimwita Wino. Si mbele yake, la hasha, watoto nao si wendawazimu. Mwenyewe alilijua jina hilo na, tuseme kweli, lilimpendeza.

Muhula ulipoanza alipelekwa semina, akarudi na jambo jipya. Somo la hesabu likibakiza dakika tano, kila mtoto ageuze daftari lake, afungue ukurasa wa mwisho kabisa, ajibu maswali mawili: Leo nimeelewa nini? Leo nimekwama wapi? Basi. Mtoto ajitazame mwenyewe anavyojifunza, mkufunzi alisema, maana mwenye macho yake hahitaji kuonyeshwa njia kila siku. Jambo zuri, na jepesi. Lakini Wino ni Wino, akaongeza na lake ambalo hakutumwa: akawa anazisahihisha kurasa hizo. Hapo ndipo alipoharibu. Ila wakati ule hakujua, nami sitamtangulia.

Tuje kwenye ile Jumatatu. Mwalimu Mkuu alimwita ofisini. Huyu Mwalimu Mkuu alikuwa mtu wa orodha. Nadhani hata nyumbani kwake vijiko vilikuwa na namba. Alikuwa na orodha ya wanafunzi kumi na wawili watakaorudia darasa, na jina la juu lilikuwa la msichana mmoja wa miaka kumi, mwembamba, anayekaa dawati la tatu karibu na dirisha.

"Hesabu, kumi na nne kwa hamsini," alisema Mwalimu Mkuu. "Anarudia. Weka saini hapa."

"Mtoto huyu ana akili, mkuu."

"Anaificha wapi?"

 Wino alijua kitu kimoja tu: mdogo wa msichana yule alikuwa darasa la tatu, domo kaya asiyejua siri wala huruma. Dada akirudia, mwakani watakaa darasa moja, na huyo mdogo atahakikisha shule nzima inajua. Mtoto atavunjika moyo, na moyo wa mtoto ukishavunjika hauungwi na gundi.

"Nipe mpaka Ijumaa," alisema.

Mwalimu Mkuu alimtazama juu ya miwani. "Ijumaa nitampa hesabu moja mwenyewe, hapa hapa mezani kwangu. Ya kugawanya. Akiiweza, apande. Asipoiweza, unaweka saini bila kunisumbua tena."

Mchana ule ule Wino alimbakiza yule msichana darasani. Akamwandikia mia nne na nane gawanya kwa nne. Mtoto akainama, penseli ikaenda haraka, akaandika jibu: 12.

"Una uhakika?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Umekwama mahali?"

"Hapana, mwalimu. Nimeelewa."

"Sasa umeelewa nini, na jibu si hilo?"

Mtoto akatazama viatu vyake. "Nimeelewa, mwalimu," akasema tena, polepole, kama mtu anayesukuma mlango ufungwe.

Wino alichukua daftari, akaligeuza. Ukurasa wa mwisho: Nimeelewa. Chini yake: Nimeelewa. Ukurasa wa kabla yake: Nimeelewa, Nimeelewa, Nimeelewa, na kila mahali tiki nyekundu, na kila mahali Vizuri sana!, na penginepo nyota. Alihesabu. Arobaini na moja. Mtoto amepata nyota tisa kwa kuelewa, na kumi na nne kwa hamsini kwenye mtihani. Mtu alikuwa anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa hapa, na Wino alianza kushuku kwamba mtu huyo ni yeye.

Jumanne jioni, jua likiwa bado juu, alikwenda kwao. Msichana alilelewa na shangazi yake, fundi cherehani, chumba cha mbele kikiwa ndicho karakana: cherehani dirishani, vitambaa vimekunjwa mpaka darini, makopo ya vifungo, na ukutani misumari iliyoning'inizwa karatasi za kukatia, za kola, za mikono, za mifuko. Shangazi alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye pini mdomoni, na alizungumza bila kuzitoa.

"Karibu mwalimu! Karibu kiti. Siyo hicho, hicho kina miguu mitatu na uongo mmoja."

Wino alieleza kilichomleta: hesabu, orodha, Ijumaa. Shangazi akasimamisha cherehani.

"Mungu wangu. Arudie? Akae na yule mdogo wake?"

"Tatizo ni kwamba haniambii anakwama wapi. Darasani yuko kimya."

Shangazi alizitema pini zote kiganjani. "Nani? Huyu? Kimya?" Akacheka mpaka akashika meza. "Mwalimu, huyu hapa nyumbani tunamwita Chiriku! Kuanzia asubuhi, shangazi kwa nini hivi, shangazi kwa nini vile. Jana kaniuliza kwa nini nguo inakatwa ndani nje. Juzi, kwa nini uzi mmoja unatoka juu na mwingine chini. Kuna siku nilimlipa peremende ili anyamaze, akala peremende akaniuliza imetengenezwaje. Labda umekosea nyumba."

Pazia la mlango wa ndani lilitikisika. Chiriku alikuwa nyuma yake, miguu inaonekana.

Wino alikaa akiduwaa. Akageuza macho ukutani ili asilitazame pazia, na ndipo alipouona mwandiko wake mwenyewe.

Ulikuwa kwenye msumari wa pili. Fundi yule hakununua karatasi. Madaftari yakijaa aliyapasua na kukatia mitindo yake. Ile ilikuwa ya kola, imekatwa kwa duara safi, na katikati ya duara kulikuwa na mwandiko wa penseli na, chini yake, wino mwekundu. Wino alisimama, akasogea, akasoma. Ulikuwa ukurasa wa mwisho wa daftari la zamani, na tarehe ya siku ile ya kwanza kabisa, aliporudi semina. Mtoto alikuwa ameandika: *Leo nimekwama. Namba ikishushwa halafu ikawa ndogo haigawanyiki, inakwenda wapi?*

Na chini yake, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari mara mbili: *SIKILIZA DARASANI!*

Siku iliyofuata ile ya kwanza mtoto alianza daftari jipya, na akaanza kuelewa. Mara arobaini na moja.

Nyani haoni kundule, wahenga walishasema, na siku akilazimika kuliona hana pa kuweka uso. Wino aliona aibu, aibu hasa. Lile lilikuwa swali sahihi. Lilikuwa swali lenyewe! Mtoto alijitazama, akaona alipokwama, akalionyesha kwa kidole, na mwalimu akakipiga kile kidole. Wengine wote wakaona, maana watoto huonyeshana madaftari, nao wakajifunza somo la siku: kukwama kunaleta mstari mara mbili, kuelewa kunaleta nyota.

Alinyoosha mkono aichomoe ile karatasi.

"Taratibu, mwalimu," alisema shangazi. "Hiyo ni kola ya mteja wangu. Ukiniharibia nitamvalisha wewe shingoni."

"Naomba penseli tu, dada yangu."

Akapewa. Akaiegemeza karatasi ukutani, akayakata maneno yake mekundu kwa mstari mmoja, akaandika pembeni, mahali palipobaki: *Swali zuri. Aliyekosa kusikiliza ni mimi.* Kisha akaita, "Chiriku. Njoo usome."

Msichana alitoka nyuma ya pazia. Akasoma mara moja, akamtazama mwalimu, akasoma tena. Hakuna mtu mzima aliyewahi kumwandikia hivyo, na alikuwa anatafuta mtego uko wapi.

"Bado unataka kujua namba inakwenda wapi?" aliuliza Wino.

Mtoto akasita. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Ndiyo. Sielewi hata kidogo."

Wakakaa chini sakafuni na makopo ya vifungo. Vifungo vya fundi vilikuja vimeshonwa kwenye kadi, kumi kumi, na kadi kumi zilifungwa pamoja kwa uzi. Wino akapanga mafungu manne ya mia mia, na vifungo vinane visivyo kwenye kadi. Mafuko manne. Kila fuko likapata mia moja.

"Kadi za kumi kumi ziko ngapi?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo kila fuko linapata kadi ngapi?"

"Hakuna. Sifuri." Mtoto akagawa vile vinane, viwili viwili. "Mia moja na mbili. Lakini mwalimu, kama sifuri ni hakuna, kwa nini tuiandike? Kwa nini tusiiruke? Mimi naonaga haina kazi, naiacha."

Ndiyo hiyo! Wino alifungua kinywa ajibu, akajizuia kwa shida kubwa, maana mwalimu kunyamaza ni kazi nzito kuliko kufyeka shamba. "Wewe unaonaje?" alisema.

Chiriku alitazama makopo, akatazama shati la mteja lililokuwa mezani, matundu yake yameshatobolewa na vifungo bado. Akafikiri. "Tundu likikosa kifungo," alisema taratibu, "bado ni tundu. Shangazi akiliziba, vifungo vyote vya chini vinapanda juu na shati linakaa upande." Macho yakamtoka. "Mia inakuwa kumi! Shangazi! Nilikuwa naziba tundu!"

"Ukiziba tundu langu lolote nitakuziba wewe," alisema shangazi, lakini alikuwa anafuta macho kwa kipande cha bitana.

Kuanzia hapo Chiriku hakunyamaza tena mpaka mwalimu alipoaga. Aliuliza maswali kumi na saba. Wino aliondoka na kichwa kinamvuma, na furaha tele.

Jumatano alizifungia kalamu zake tatu kwenye mtoto wa meza. Zilipobaki dakika tano, hakuwaambia watoto waandike. Aligeukia ubao akaandika: *Mwalimu amekwama wapi? Nilimgombeza mtu aliyeuliza. Nilitoa nyota kwa wasiouliza. Sasa nataka kujifunza kusoma kurasa zenu bila kuzichora.*

 Mtoto mmoja akauliza kama mwalimu ni mgonjwa.

Kisha watoto wakageuza madaftari wenyewe, na jioni alisoma kurasa. Lo! Mafuriko. Mmoja alikwama tangu darasa la pili. Mwingine alikwama kwenye neno "rahisi", maana mwalimu akisema jambo ni rahisi na wewe huliwezi, utaulizaje? Mwingine alikwama kwa sababu aliye mbele yake ana kichwa kikubwa na ubao hauonekani. Huyo alihamishwa dawati kesho yake, akapata hesabu zote.

Ijumaa ikafika. Mwalimu Mkuu aliweka kiti kimoja mbele ya meza, karatasi moja, penseli moja. Orodha ilikuwa pembeni na kalamu ya saini juu yake. Wino aliambiwa asimame mlangoni na asiseme neno.

"Shikamoo, mwalimu mkuu."

"Marahaba. Mia sita na kumi na mbili, gawanya kwa sita."

Chiriku akainama. Penseli ikaenda haraka, haraka mno, na kutoka mlangoni Wino aliliona jibu likiandikwa: 12.  Alitaka kukohoa, alitaka kuangusha kitu, akajishika.

Mwalimu Mkuu naye aliliona. Mkono wake ukaenda kwenye orodha.

"Nimekwama," alisema Chiriku.

Mkono ukasimama.

"Unasemaje?"

"Nimekwama, mwalimu mkuu. Hapa." Akaweka kidole. "Watu sita wakigawana mia sita na kumi na mbili, mtu hawezi kupata kumi na mbili. Watapigana." Akafuta. Akaanza tena, kwa sauti sasa, kama yuko nyumbani. "Mia sita kwa sita, kila mtu mia moja. Kadi ya vifungo kumi iko moja, watu sita, haigawiki. Hakuna anayepata kadi. Naandika sifuri, nisizibe tundu. Halafu naikata kadi, vinakuwa kumi, na viwili, kumi na viwili. Viwili viwili." Akaandika: 102. Akahakikisha kwa kuzidisha, bila kuambiwa. "Sasa nimeelewa," akasema.

Mwalimu Mkuu alivua miwani. "Nani kakufundisha kuniambia umekwama? Hapa, mbele ya meza hii?"

"Mwalimu wetu. Yeye naye alikwama, akaandika ubaoni, darasa zima likaona."

Mwalimu Mkuu alimtazama Wino. Wino hakuinamisha macho. Kisha mzee akachukua kalamu, akakata jina la kwanza kwenye orodha. Hakuiweka kalamu chini. Alibaki anayatazama majina kumi na moja yaliyobaki, kana kwamba yameandikwa leo asubuhi na mtu mwingine.

"Na hawa," aliuliza, "kuna aliyewauliza wamekwama wapi?"

 Akaikunja orodha, akaitia mfukoni bila saini. "Jumatatu waje," alisema. "Mmoja mmoja. Na hivyo vifungo mnavyosema, mvilete."

Mchana ule, zilipobaki dakika tano, watoto waligeuza madaftari. Wino alipita katikati ya madawati akisoma juu ya mabega yao. Kwenye dawati la tatu, karibu na dirisha, mkono wake ulikwenda sikioni wenyewe, ukatafuta kalamu, ukakuta hakuna. Ukurasa ulisema: *Leo nimekwama mbele ya mwalimu mkuu. Nikasema. Hakuna aliyenigombeza.*