Bibi Harusi wa Kinyumenyume

Haki ya Mungu, Werema alikuwa dereva, mtu asikudanganye. Miaka minane aliendesha lori la pamba la ushirika, Bunda kwenda Musoma, masika na kiangazi, na hakuwahi kulala porini. Lakini gari dogo aliloazima kumletea mdogo wake Magige bibi harusi lilimfanya ajione mjinga kuliko wote mkoa mzima wa Mara. Halikuwa na klachi! Mzungu wa kiwanda cha pamba aliliacha alipofunga mizigo yake baada ya Azimio la Arusha, na gia zake zilijibadilisha zenyewe huko ndani bila kumuuliza mtu. Mguu wa kushoto wa Werema ulikanyaga hewa kutwa nzima.

Asubuhi, akitoka Butiama kwenda Nyamuswa kwa wakwe, liliteleza mlimani: injini inapiga kelele, mwendo hakuna. Werema akafanya ambalo dereva yeyote wa lori angefanya. Aliona mafuta ya gia zake ni mepesi kama maji, akatoa mafuta mazito ya gia za lori, akayamimina humo yote. Mafuta mazito ndiyo yenye nguvu, nani asiyejua?

Basi jioni wakati wa kurudi, maili tatu kabla ya Butiama, gari likagoma. Injini inanguruma, tairi zimetulia tuli. Akasukuma gia, akairudisha, akazima, akawasha. Harufu ya kuungua ikampanda puani.

"Shemeji, kuna nini?" aliuliza Mniko, kaka wa bibi harusi, aliyekaa nyuma na dada yake Wankyo.

"Sijui."

"Wewe si dereva?"

"Ni dereva! Lakini hii gari... hailiagi hivi."

Mniko akachungulia jua. "Mara mbili mmetuweka, hamkutokea. Baba kasema leo jua likizama Wankyo hajaingia kwenu, nimrudishe, na yameisha. Mimi simbishii baba."

Werema akamkumbuka mdogo wake. Tangu ile mara ya pili Magige alikuwa hali, haongei, kazi kukaa tu na kuitazama barabara. Kwa hasira Werema akaivuta gia huku na huku, ikaangukia kurudi nyuma. Gari likaruka kinyumenyume kama ndama aliyefunguliwa kamba. Lo! Akajaribu mbele: wapi! Nyuma: linakwenda. Hii ni gari au mchawi? Hakuelewa, na mpaka leo haelewi.

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Wakaligeuza kwa kulisukuma, tako likaelekea Butiama, na Werema akapinda shingo na kurudi nyuma maili zote tatu. Ng'ombe walitimua mbio. Wanawake waliotoka shamba la kijiji walitupa majembe chini kwa kicheko. Wankyo alitazama kioo cha mbele, njia ya kwao ikizidi kurefuka machoni pake. Alilia, lakini hakufumba macho.

Walifika jua likikaribia kilima. Langoni mwa boma alisimama Robi, mama yao Werema na Magige, mikono kiunoni. Katika ukoo ule bibi harusi hatazami alikotoka mpaka aingie ndani. Akitazama, wanasema, siku moja atarudi.

"Huyu anakuja au anaondoka?" Robi alifoka. "Uso njia nzima uko kwao! Haingii hapa!"

"Mama, ni gari tu..."

"Gari lina macho? Macho ni yake!"

"Sawa," alisema Mniko, akifungua mlango. "Jua lile pale. Wankyo, shuka twende nyumbani."

Magige alikuwa nyuma ya mama yake, mdomo wazi. Werema alitamani ardhi immeze.

Wankyo akashuka. Akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, akabeba sanduku lake mwenyewe.

"Mama," alisema, "wengine waliingia humu na hamu ya kwao moyoni. Mimi nimepaangalia kwetu mpaka pakaisha. Sasa sina cha kugeukia."

Akampita Robi langoni, akaingia.

Robi hakumzuia. Mikono ilimshuka yenyewe. "Mimi sikugeuka," alisema polepole, haijulikani anamwambia nani. "Miaka arobaini sasa. Na kila siku ninapaona kwetu."

Kisha akalia kwa sauti mbele za watu. Werema, ambaye siku hiyo hakuelewa gari wala wanawake, akamshika mama yake mkono, akamwingiza ndani.