Sentensi Isiyo na Kosa

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na tabia ya kujichokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu, akakinusa, kisha kalamu hiyohiyo akatupatia sisi tukaandike ubaoni. Siku hizo nilidhani huo ndio uchafu wake wote.

Hoteli tuliyofanyia kazi ndiyo iliyomlipa. Sisi wa udobi tulisoma baada ya zamu, kwenye chumba cha kukunjia mashuka, ubao umeegemezwa kwenye mashine ya kukaushia na jasho linatutiririka shingoni. Aliandika neno, akatoa maana yake, halafu kila mmoja akatunga sentensi. Na sentensi iwe ya maisha yako.

"Sentensi ya uongo haikai kichwani," alisema. "Msiniletee habari za paka kulala mezani. Semeni ya kwenu. Ya humu yanaishia humu."

Hakuna aliyeipenda njia hiyo kama wifi yangu, mke wa kaka yangu. Yeye alikuwa mpiga pasi, na kutwa nzima alinyoosha mashati ya wageni huku midomo inamchezacheza kwa maneno mapya. Alikuwa na mimba changa, ya kwanza baada ya miaka ya kusubiri na kusemwa. Udobi mzima tulijua, na udobi mzima tulifunga midomo, maana mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na msimamizi wetu hajawahi kumwongezea mkataba mwanamke mwenye tumbo. Akishasainiwa mkataba mpya tu, hawamgusi tena, na likizo ya uzazi angelipwa. Kaka yangu hakuwa na kazi. Nyumba yao ilikula kwa pasi ile.

Basi siku moja neno likawa la kuficha. Wifi akasimama, akasema kwa Kiingereza, bila kukwama popote, kwamba anamficha mtoto wake chini ya aproni mpaka bosi asaini. Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Mwalimu akapiga makofi, akaiandika sentensi ubaoni kwa herufi kubwa, akaipiga picha kwa simu. Wifi alikaa chini uso unawaka kwa furaha kama mtoto aliyevishwa viatu vipya.

Kesho yake msimamizi akamwita ofisini. Alirudi ameikumbatia aproni, imekunjwa vizuri.

"Amenisomea sentensi yangu, wifi," aliniambia. "Neno kwa neno, kwenye simu yake. Kisha akasema mkataba hauongezwi."

Nilimkuta mwalimu koridoni anakunywa chai ya hoteli.

"Mwalimu, sentensi ya wifi yangu imefikaje kwa msimamizi?"

Hakushtuka hata kidogo. "Nampelekea mifano bora kila wiki, dada. Wao ndio wanaolipa, lazima waone mnaendelea."

"Si ulisema ya humu yanaishia humu?"

"Kwani nimepeleka umbea? Nimepeleka kazi ya mwanafunzi." Akatabasamu, makombo ya mkate yamemganda mdomoni. "Na uliiona ile sentensi? Haina kosa hata moja. Msimamizi mwenyewe kashangaa."

Alikuwa anajivunia! Mwenzake kapoteza ugali wa nyumba yake, yeye anahesabu ushindi. Nimefua mashuka ya wageni miaka mingi. Nimeshika matapishi, nimeshika damu, nimeshika na mengine yasiyotajwa mbele ya wanaokula, na sijawahi kutamani kunawa kama siku ile. Uchafu wa shuka una dawa yake, maji moto na sabuni. Mtu asiye na haya utamloweka kwenye nini?

"Mwalimu, unanuka," nilimwambia.

Akainamisha kichwa akanusa kwapa lake, mjinga yule.

Somo lililofuata tulikwenda wote, kwa kuwa asiyehudhuria alikatwa mshahara. Tulimpa alichostahili: mbwa ana miguu minne, jua ni kali, maji yanalowesha. Alilalamika kwamba darasa limelala. Tukamtungia na ya paka kulala mezani.

Nilipotoka nilimkuta wifi kwenye geti la nyuma, anangoja malipo yake ya mwisho, mfuko wa nguo miguuni.

"Mmesoma neno gani leo?" aliuliza.

Sikutaka kumjibu. Roho iliniuma kuona bado anataka. Nikamwambia ni neno la kuthubutu, nikalitamka kama nilivyoweza, nikampa na maana yake.

Alilirudia, vizuri kuliko mimi. Midomo ikaanza kuchezacheza, macho yakamng'aa, nikajua sentensi inakuja. Akavuta pumzi. Kisha akamtazama mlinzi wa geti, akainua macho kwenye dirisha la ofisi juu yetu, akafunga mdomo.

"Sema basi, wifi," nilimwambia. "Tuko wawili tu."

"Nimeisahau," alisema.