Tangazo Kabla ya Baraka

Nianze kwa kukiri kwamba wazo lilikuwa langu. Mchungaji Jailos mpaka leo husema lilikuwa lake, nami namwachia, maana sifa yenyewe haina faida kwa mtu yeyote.

Ilikuwa mwaka 1957. Serikali ilikuwa imejenga josho la ng'ombe bondeni, mwendo wa saa tatu kutoka vilima vyetu vya juu ya Mbeya, na boma likaamuru kila ng'ombe aogeshwe mara moja kwa wiki. Ukikataa, unashtakiwa. Watu wakakataa vilevile. Walisema ndama wanachoka njiani na siku nzima ya kulima inapotea. Tena tulikuwa tumesikia kwamba hata huko Iringa wenye mifugo wamegoma, na jambo hilo likawapa watu wetu kichwa. Basi Bwana DC akamwomba mchungaji aisome amri hiyo kanisani kila Jumapili, kwa kuwa hapo ndipo watu walipokutana wengi. Mchungaji Jailos ni mtu mwema, lakini mbele ya karatasi yenye muhuri huwa hana mifupa. Alikubali.

Kwa kawaida yetu matangazo yalisomwa mwisho kabisa, watu wakishapokea baraka. Jumapili ya kwanza, baraka ilipoitikiwa amina tu, kanisa zima likamwagika nje. Mchungaji akabaki anayasomea mabenchi, mimi, na mzee mmoja kiziwi. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa na mtunza daftari la ibada. Kila Jumapili niliandika kilichofanyika kwa mpangilio wake, tangu wimbo wa kwanza hadi amina ya mwisho. Fujo siiwezi, nimezaliwa hivyo. Nikamwambia, "Mchungaji, lisogeze tangazo. Lisome baada ya mahubiri, kabla ya baraka. Hakuna Mnyakyusa atakayeondoka hapa bila baraka."

Siku hiyo nilijiona nina akili sana.

Jumapili iliyofuata watu walikaa kweli, ila walikohoa. Mchungaji alipofungua karatasi, kikohozi kilianzia benchi la nyuma, kikaja mbele, kikazunguka kwa wanawake, mpaka sauti yake haikusikika. Nilizunguka kanisa zima nikiwakodolea macho watu wazima waliojifanya wana pumu. Jumapili ya tatu hawakukohoa. Mchungaji aliposoma neno la kwanza tu la amri ya josho, dada yangu Tupokigwe alisimama, akafumba macho na kuanzisha wimbo wa mia na arobaini.

Tupokigwe ni dada yangu wa tumbo moja. Mama yetu alifariki mimi sijaota meno, na ni yeye aliyenibeba mgongoni, akanilisha, akanifundisha kusali, akanipeleka shule ya misheni ilhali yeye mwenyewe hajui kuandika jina lake. Sasa alikuwa mjane mwenye ng'ombe watatu na kifua kibovu. Baridi ya mwezi wa sita ikiingia, hutembea akishika ukuta. Lakini akianzisha wimbo, wanawake wote humfuata, na siku hiyo walimfuata beti zote tano, wakarudia tangu mwanzo. Mchungaji alisimama na karatasi yake kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani. Baraka haikutolewa.

Nilimfuata nyumbani kwake nikiwa nimefura.

"Dada, unaniaibisha. Hayo ni madharau."

"Gwe Anyitike," alisema, huku akipepeta maharage. "Mimi kanisani nakwenda kwa ajili ya Kyala, Mungu wangu. Habari za josho waje waniambie hapa nyumbani, niwajibu hapahapa."

"Utaimba tena Jumapili?"

"Akisoma, naimba."

Akasoma, naye akaimba. Walipofika katikati ya ubeti wa tatu, uvumilivu ukaniishia. Nikatoka kwenye kiti changu cha wazee, nikamshika dada yangu mkono, nikamvuta mpaka mlangoni na kumsukuma nje. Alikuwa bado amefumba macho. Wimbo ukakatika. Kisha mtoto akalia, wanawake wakaanza kupiga kelele, wanaume nao wakaanza kuwapigia kelele wanawake, na Jumapili hiyo pia tukarudi makwetu bila baraka.

Jumatatu asubuhi nilishuka Mbeya mjini kumtafuta Ahmadi bin Othmani, karani mkalimani wa mahakama. Ni Mwislamu mwenye asili ya pwani, aliyezaliwa hapahapa, na Kinyakyusa chake ni kizuri kuliko cha watoto wangu. Nilimkuta barazani kwake anakunywa chai. Nilimweleza shida yangu, nikamwomba aniandikie barua ya kwenda bomani.

"Sheria ipo," alisema. "Mtu akivuruga ibada makusudi anafungwa. Inalinda kanisa, msikiti na hekalu la Wahindi sawasawa. Lakini Bwana Anyitike, sikiliza. Hata sisi msikitini tunagombana. Mwaka juzi tuligombania dufu za maulidi mpaka watu wakavuana kofia. Hatukwenda bomani. Ukimwita askari kwenye ibada yako, humchagulii wa kumkamata."

"Sitaki mtu akamatwe. Nataka waogope tu."

Akachukua kalamu, akaandika. Barua haikutaja jina hata moja. Ilisema tu kwamba "baadhi ya waumini" wanavuruga ibada, na kwamba sisi wazee tunaomba ulinzi wa sheria. Niliipenda sana barua hiyo, nikaisoma mara nne njiani.

Baada ya wiki mbili askari watatu waliingia kanisani na viatu vyao, mahubiri yakiendelea. Mkubwa wao aliuliza, "Ni nani huwa anaanzisha nyimbo hapa?" Mchungaji akainamisha kichwa. Mimi nikatazama daftari langu. Nilidhani mambo yataishia hapo. Tupokigwe akasimama.

"Ni mimi," alisema. "Mnataka upi?"

Wakamchukua.

Siku tatu nilikwenda bomani kuomba barua yangu nirudishiwe. Wakaniambia barua ikishapokelewa si yangu tena. Nikamwambia Inspekta wa polisi kwamba yule ni dada yangu. Akaniambia hongera, basi nitakuwa shahidi mzuri, maana namfahamu. Nikauliza akipatikana na hatia itakuwaje. Miezi mitatu, akasema, na wanawake wenye vifungo vya namna hiyo hupelekwa jela ya Iringa. Mwezi wa sita ulikuwa unaingia, na pale aliposhikiliwa alikuwa ameshaanza kukohoa. Niliondoka pale nikitamani kumpiga mtu, na mtu wa kumpiga sikumwona.

Siku ya kesi, mahakama ilijaa watu kutoka vilimani. Hakimu alikuwa Mzungu mwembamba, mpole wa sauti, na Ahmadi alisimama kando yake akitafsiri. Mchungaji Jailos alitangulia kutoa ushahidi. Akasema tangazo la serikali ni sehemu ya ibada, kwa kuwa lilisomwa na mchungaji, madhabahuni, ibada ikiendelea. Inspekta, ambaye ndiye aliyeendesha mashtaka, akadakia kwamba, kwa hiyo, wimbo ule haukuwa ibada bali kelele zilizovishwa nguo za wimbo, na ndiyo maana ulizimwa na mzee wa kanisa mwenyewe. Kisha nikaitwa mimi na daftari langu.

"Soma ulichoandika Jumapili hiyo," alisema Hakimu kupitia kwa Ahmadi.

Nikasoma. "Wimbo wa kwanza. Sala. Somo. Mahubiri. Tangazo la josho. Wimbo wa mia na arobaini, beti mbili na nusu. Baraka haikutolewa."

"Kabla ya mwaka huu, matangazo yalisomwa wakati gani?"

"Baada ya baraka, Bwana."

"Baraka ikishatolewa, ibada imekwisha au haijaisha?"

"Imekwisha."

"Ni nani aliyeshauri tangazo liingizwe katikati?"

Nilimtazama Mchungaji Jailos. Alikuwa anatazama dari.

"Mimi," nikasema. Watu wakacheka, na Hakimu akagonga meza.

"Sasa niambie, beti mbili na nusu maana yake nini? Kwa nini wimbo haukufika mwisho?"

Ahmadi alitafsiri, kisha Hakimu akaongeza maneno, na Ahmadi akanigeukia taratibu. "Bwana Hakimu anasema swali hili si lazima ulijibu. Jibu lako linaweza kukuletea mashtaka wewe mwenyewe. Umeelewa?"

Nilielewa vizuri sana. Nikinyamaza, maneno ya Inspekta yanasimama: ilikuwa kelele, mzee wa kanisa akaizima, na dada yangu anakwenda Iringa na kifua kile. Nilimtazama pale kizimbani. Hakuwa ananiangalia. Alikuwa ameshika ukingo wa ubao kwa mikono miwili na kujizuia asikohoe mbele ya wakubwa, mabega yakimtikisika. Nikamchukia Inspekta, nikamchukia mchungaji, nikajichukia mimi na mwandiko wangu mzuri.

"Haukufika mwisho kwa sababu nilimvuta nje," nikasema. "Alikuwa amefumba macho, Bwana. Alikuwa anasali. Aliyevuruga ni mimi."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Halafu akasema sheria inalinda ibada, haimlindi mtu anayesoma amri za ng'ombe, hata akizisomea madhabahuni. Wimbo wa kanisani ulioimbwa kanisani na mtu anayesali ni ibada. Tupokigwe hana hatia, aende nyumbani. Wanawake walipiga vigelegele mpaka nje barabarani.

Wiki iliyofuata nilirudi mahakama ileile, safari hii mimi ndiye niliyekuwa kizimbani. Ahmadi aliniambia mapema kwamba kila kitu kitategemea dada yangu. Akisema yalikuwa mambo ya ndugu tu, Hakimu atanionya na kuniacha. Tulishuka mlima pamoja na dada asubuhi hiyo, yeye kabeba viazi vya kuchemsha kwenye kikapu. Nilimuuliza atasema nini.

"Nitasema watakachoniuliza," akajibu.

Wakamuuliza kama nilimshika. Akasema nilimshika. Wakamuuliza kama ilimkera, au aliona ni mambo ya ndugu. Akaweka kikapu chake chini, mimi nikaanza kupumua.

"Huyu nilimfundisha kusali mimi," alisema kwa Kinyakyusa, na Ahmadi akatafsiri polepole. "Halafu akaja kunikatiza nikiwa nazungumza na Kyala. Kama angenipiga nyumbani ningesema ni ndugu. Pale hakuwa ndugu."

Nilipewa siku kumi na nne. Mashtaka yalikuwa yaleyale niliyomwomba Ahmadi ayaandike kwenye barua, neno kwa neno. Kama wangenifunga kwa uongo ningepata mtu wa kumlaumu. Walinifunga kwa ukweli, na ukweli wenyewe nilikuwa nimeusema mimi na dada yangu, wakati mchungaji aliyesema uongo alikuwa nyumbani kwake anakula.

Tulifyeka majani kwenye uwanja wa boma. Jumatatu ya pili Tupokigwe alikuja kuniona, amejifunga kanga mbili juu ya sweta. Alinipa viazi kupitia kwenye uzio wa waya. Sikuwa na hasira naye. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini nikamuuliza habari za jana kanisani.

"Askari mmoja alikuwa amekaa nyuma," alisema. "Wanasema ametumwa kulinda ibada. Ana kitabu, anaandika."

"Na tangazo?"

"Mchungaji alilisoma kabla ya baraka. Amesema Hakimu hakumkataza kusoma."

"Ukaimba?"

"Nikaimba." Alikohoa, akashika waya. "Nikaanza mimi peke yangu. Ubeti wa kwanza nikaumaliza, hakuna aliyeitikia. Wanawake walikuwa wanatazama miguu yao. Wanasema wimbo ule unafunga watu. Ulinipeleka mimi mahabusu, ukakuleta wewe jela, na anayefuata hawamjui. Nikakaa chini. Mchungaji akasoma mpaka mwisho, tukapokea baraka, tukaondoka."

"Lakini Hakimu alisema hamna hatia! Alisema ni ibada! Sheria iko upande wenu!"

"Nimewaambia. Wanasema waliisikia sheria, na wamekuona wewe umeshika fyekeo."

Akachukua kikapu chake akaanza kuondoka, taratibu, kwa ajili ya kifua. Alipofika kwenye miti ya boma nikashindwa kuvumilia. Nikaishika waya kwa mikono miwili nikapiga kelele, "Imbeni! Dada, waambie waimbe! Mimi nimesema waimbe!" Wafungwa wenzangu waliacha kufyeka wakanitazama. Askari jela akaja mbio, akanishika mkono, akaanza kunivuta kunirudisha ndani, huku akiniuliza ni nani kaniruhusu kupayuka. Nilikuwa bado naita.