Mama Asiyetaka Kuonekana

Usingizi unanichukua nikiwa nimeketi mbele ya turubai, brashi mkononi, hapa Hamburg ninapochora kila kitu isipokuwa sura ya mama yangu. Mtandio wake nimeumaliza, na mikono, na bilauri ya chai. Usoni pamebaki peupe, kwa sababu nimeanza kumsahau, na jambo hilo linanitisha kuliko kufa. Kila nikimpigia simu mjini kwetu Kashan namwomba awashe kamera, naye hujibu, ah, Mahnaz-jan, Mahnaz mpenzi, mzee kama mimi ana nini cha kutazamwa, nami humwacha, maana huku ugenini nimezoea kwamba mtu akikataa amekataa. Sasa nainuka, naingia ndani ya ule weupe kama mtu anayeingia jikoni kwake, na barabara inaanza, haina mwisho, inapita katika mji wenye kuta za vioo, na katika kila kioo namwona mama akinipa mgongo. Nakimbia, mji unageuka, mgongo ni uleule. Kwenye njia panda mwanamke asiye na uso ananisubiri. Namuuliza, mama yangu anakaa wapi? Anajibu, nyuma ya mlango unaokataa ili ugongwe tena. Nimechoka na mafumbo, namwambia, sema waziwazi, bibi wee. Anacheka, ingawa hana mdomo. Binti, kwenu Kashan mgeni hukaribishwa chai mara ngapi kabla hajaipokea?

Nasimama. Mara tatu, jamani. Ya kwanza na ya pili mgeni hukataa kwa adabu tu, na mwenyeji asiyesisitiza huonekana hakutaka kumkaribisha. Miaka yote hii mama alikuwa akingoja nimsisitize! Naona haya, halafu nafurahi kama mwehu. Nagonga kioo, sauti inasema usijisumbue. Nagonga, inasema nenda ukalale. Nagonga tena, na simu iko sikioni mwangu, wala sikumbuki kuipiga.

Washa kamera, mama.

Ah, jino la mbele lenyewe sina.

Washa, nakuomba.

Nywele sijachana, mwanangu.

Washa, mama, sikati simu mpaka nikuone.

Kamera inawaka. Kisha mwanga, na kikongwe nisiyemjua ananitazama kwa macho ninayoyajua, akicheka na pengo lake. Nyuma yake ukuta unang'aa kama kioo, nami sijui niko upande gani. Umechelewa kweli kusisitiza, anasema. Nachovya brashi kwenye rangi. Tulia hivyohivyo, mama, usisogee.