Wimbo wa Kufungia Viatu

Mzee Ambakisye alikuwa na ugonjwa wa mgongo, na juu yake ugonjwa wa adabu. Huo wa pili ndio uliomweka Sekela, mke wa mwanawe, roho juu siku ile kwenye korido ya hospitali huko Mbeya.

Kwao Ileje, mzee wa Kindali na mke wa mwanawe hawatazamani wala hawasemezani. Tangu aolewe, Sekela alimpikia, alimfulia, na akimwona njiani alijibanza migombani mpaka apite. Sasa mume yuko Zambia na lori, nani ampeleke mzee? Akampeleka yeye, akimfuata kwa nyuma.

Daktari alikuwa ameeleza vizuri tu. Sindano ile si ya kuponya, ni ya kupeleleza: anatia ganzi kiungo kimoja cha uti wa mgongo, kisha mgonjwa afanye lile linalomuumiza. Maumivu yakikata, mwizi kapatikana, na neva yake, mshipa unaopeleka maumivu, itachomwa. Mgonjwa akidanganya, itachomwa isiyo na kosa, naye ataendelea kuteseka.

Mlango uliachwa wazi kidogo. Baada ya sindano, Sekela alimsikia daktari akimwambia mzee ainame afunge kamba za viatu. Halafu akasikia wimbo wa kanisani, ukiimbwa puani, taratibu.

"Nimepona kabisa, daktari. Mungu akubariki," mzee akasema.

Jamani! Mzee wa watu anaona aibu kumwambia daktari kwamba kazi yake haikufaa. Lakini wimbo ule Sekela aliujua. Kila asubuhi aliusikia kupitia ukuta wa jikoni, na mzee hakuuimba ila mgongo ulipomkata. Akinyamaza, watamchoma pasipohusika. Akisema, amevunja mwiko mbele ya watu. Akajifunika kanga usoni, akaingia kinyumenyume.

"Bado kunamuuma, daktari. Anaimba."

Mzee hakukana.

Wiki iliyofuata wakajaribu kiungo cha chini yake. Sekela akasimama palepale mlangoni. Akasikia viatu vikiburuzwa sakafuni, kamba zikivutwa, cha kushoto, cha kulia. Wimbo hakuna. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

Ndipo mzee, macho yake ukutani, akamsemesha kwa mara ya kwanza tangu aingie katika nyumba yao.

"Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa unanisikia, mwanangu."

"Nilikuwa nakusikia, baba."